Umeangukia kitabu cha 3 cha riwaya ya mahaba? Pitia hapa kabla hujakifungua

Fundi Kurasa

Habari zenu wana jukwaa. Uzi huu ni wa wasomaji wa riwaya za mapenzi za kisasa, zile zenye pilipili, za miaka 18 kwenda juu. Wanaozisoma "kwa ajili ya kujifunza Kiingereza tu" nao karibuni, hakuna atakayewahoji.

Kila wiki linarudi swali lilelile: mtu kapata kitabu cha 3 au cha 4, cha 1 hakionekani, asome au asubiri? Vitabu vya mitumba havitoki kwenye robota kwa mpangilio. Muuzaji ana cha 3 na cha 7, basi. Jibu liko kwenye aina ya mfululizo, si kwenye namba iliyo mgongoni mwa kitabu.

Aina ya kwanza ni wapenzi walewale mwanzo hadi mwisho. Fifty Shades vile 3 vya awali viko hivyo, na Crossfire ya Sylvia Day pia, vitabu 5 kuanzia 2012 mpaka 2016. Hapa usiingie katikati. Kuelewa utaelewa, kila sentensi. Ila wawili hawa walishawekeana masharti, wakayavunja, wakaumizana, na kila wanapogusana katika kitabu cha 2 wanalipana madeni ya kitabu cha 1. Wewe uliyechelewa utaona miili tu.

Aina ya pili ni kundi moja, wapenzi tofauti. Ndugu wanne, au marafiki wa chuo, na kila kitabu kinampatia mmoja wao mwenzake. Hadithi inaanza na kumalizika humohumo, na mwisho ni wa heri, maana riwaya ya mapenzi ambayo wawili hawabaki pamoja wasomaji wake wanaihesabu kuwa kitu kingine. Aina hii ndiyo inayosomeka kutoka katikati, na ndiyo tunayoizungumzia.

Aina ya tatu ina namba lakini si mfululizo. Ni vile vyembamba vya wachapishaji Harlequin na Mills & Boon. Namba ya jalada ni zamu ya kutoka kiwandani tu. Cha 2100 hakimjui cha 2099. Harlequin ya Kanada iliinunua Mills & Boon ya London mwaka 1971, ndiyo maana hadithi moja unaweza kuikuta na majalada mawili na namba mbili. Linganisha jina la mwandishi na majina ya wahusika nyuma ya jalada kabla hujalipia kitu unacho tayari. Angalia pia kama kuna utepe unaotaja ukoo au ndugu kadhaa: hicho ni kifungu kidogo ndani ya namba kubwa, na kinarudi kwenye aina ya pili.

Namna ya kupima, hapohapo kwa muuzaji:

Soma nyuma ya jalada. Ikiwa inawatambulisha watu wawili na jinsi wanavyokutana, uko salama. Ikiwa inasema wameachana, au inauliza kama penzi lao litahimili siri nyingine, rudisha.

Fungua ukurasa wa hakimiliki, tafuta mwaka wa kuchapwa MARA YA KWANZA. Mwaka wa toleo jipya hauna maana, kitabu cha 1 kinaweza kuwa kimechapwa upya baada ya cha 4. Ile orodha ya vitabu vya mwandishi mwanzoni msiiamini sana. Mara nyingine imepangwa kwa mpangilio wa kusoma, mara nyingine kipya ndicho kimewekwa juu.

Kisha soma kurasa 10 za mwanzo, hesabu majina. Yakizidi 5 na mwandishi hajamweleza mtu sura wala kazi, hao ni wenyeji wa vitabu vilivyotangulia. Bado si sababu ya kuacha. Chukua kipande cha karatasi, kiwe ndicho alama yako ya ukurasa, uandike nani yuko na nani. Mistari minne mitano inatosha.

Binti Makorora

Mkuu shukrani, ila weka mfano unaoshikika. Mtu akiwa na The Score ya Elle Kennedy mkononi na hana kingine, inakuwaje?

Fundi Kurasa

Umetaja penyewe, dada. Mfululizo unaitwa Off-Campus. Chuo ni Briar, cha kubuni, kiko Massachusetts, na wanaume wanne ni wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni wanaokaa nyumba moja. The Deal (2015) ni ya Garrett na Hannah. The Mistake (2015) ni ya Logan na Grace. The Score (2016) ni ya Dean na Allie. The Goal (2016) ni ya Tucker na Sabrina.

Ukianza na The Score, karatasi yako iwe hivi: Garrett + Hannah (Hannah na Allie wanakaa pamoja), Logan + Grace, Tucker hana mtu. Kwisha. Kila sura ina jina la anayesimulia, Dean au Allie, kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo usiruke vichwa vya sura. Ukiruka utakuta "mimi" amebadilika jinsia katikati ya kitanda.

Kuna kanuni mbili za kuwatambua wapita njia. Wawili waliotulia, wanaotaniana jikoni na hawana tatizo lolote, ni wapenzi wa kitabu kilichopita. Mtu asiye na mwenza anayepewa mstari mmoja wa fumbo halafu anatoka nje ya chumba ni chambo cha kitabu kijacho. Katika The Score huyo ni Tucker.

Utakachokosa si habari, ni uzito. Garrett na Hannah utawaona kama watani wacheshi. Msomaji wa The Deal anajua kwamba Hannah aliwahi kubakwa akiwa sekondari na Garrett amekulia mikononi mwa baba mpigaji, kwa hiyo utani ule wa jikoni kwake ni kitu kingine kabisa.

Nyali Msomaji

Hebu niingilie hapo ndugu Fundi, maana waeleza kama kwamba kila kitabu cha kundi chasimama peke yake sawasawa. The Score na The Goal ni mapacha walioshikana. Muda wao umepishana: Tucker na Sabrina washaanza mambo yao huku The Score yaendelea. Katika The Score kuna kifo cha mtu wa karibu na Dean. Simtaji ni nani, asiyesoma asiharibiwe uhondo. Msiba uo huo warudi katika The Goal ukitazamwa na Sabrina. Aliyeanza na The Goal huupata msiba mara ya kwanza kupitia kwa Sabrina, kisha akirudi The Score asubiri tu kifo anachokijua. Na mwisho wa The Score kwadondoshwa habari ya Tucker ambayo nyuma ya jalada la The Goal imeandikwa waziwazi.

Kwa hiyo kanuni yangu: kati ya 1, 2 na 3 anza popote. Cha 4 usianze nacho.

Na tahadhari nyingine. Waandishi wengi wa siku hizi huweka ukurasa wa onyo mwanzoni, au kwenye tovuti yao: ubakaji, mimba, kifo, ulevi wa mzazi. Onyo la kitabu cha 1 halirudiwi katika cha 3, ilhali jeraha lenyewe laweza kutajwa humo kwa sentensi mbili bila kutayarishwa. Mwenye jambo linalomgusa atafute maonyo ya mfululizo mzima.

Fundi Kurasa

Nyali nakubali kuhusu The Goal. Ila sikubali kwamba kifo unachokijua kinaharibu kitabu. Kinageuza swali tu, badala ya "nini kitatokea" inakuwa "atabebaje". Katika mapenzi tayari unajua watabaki pamoja, na bado unasoma.

Nyali Msomaji

Ndoa naijua kwa sababu nimeahidiwa. Msiba sikuahidiwa. Tofauti ipo.

Kibamba Express

Wakuu mnaumiza vichwa bure 😂 Kwani watu wanasoma hadithi? Unafungua kurasa zenye moto, unasoma, unafunga. Kitabu cha 1 au cha 9 kitanda ni kilekile.

Mama Riwaya

Kibamba mwanangu, kitanda si kilekile, na hapa ndipo wengi wanaposoma vibaya.

Kungwi hafundishi mkao peke yake, anafundisha na maneno, na wakati wa kunyamaza. Mwandishi anayejua kazi yake ni hivyohivyo. Ukifika ukurasa wa moto jiulize nani ameanza, nani anaongea, na nani anabaki asubuhi. Halafu linganisha tukio la kwanza na la tatu. Kama mwanamume aliyekuwa anatania wakati wote sasa amenyamaza, hadithi imesogea. Kama dada aliyekuwa anazima taa sasa haizimi, imesogea. Kama vitu ni vilevile kwa zamu ileile na kilichobadilika ni samani tu, hilo ni jazajaza, liruke bila dhambi. Kipimo cha haraka: lifiche tukio zima kwa kiganja, soma sura inayofuata. Ikieleweka bila kupungukiwa na kitu, halikuwa na kazi.

Sasa kwa anayeingia katikati ya mfululizo kuna mtego wa pekee. Moto haupangwi sawa katika kila kitabu. Katika The Score, Dean na Allie wanaingia kitandani mapema kabisa, kisha ndiyo shida inaanza, maana mmoja anataka iwe usiku mmoja na mwingine hataki. Katika The Deal ni kinyume: wawili wale wanajifanya wapenzi, ngono inachelewa, na inachelewa kwa sababu ya yale yaliyompata Hannah. Mtu aliyeonja cha 3 kwanza akirudi cha 1 analalamika eti "kimepoa". Hakijapoa. Kule kuchelewa ndiyo hadithi yenyewe, kila mguso unaombwa na kujibiwa. Ukiruka kwenda kurasa za moto za The Deal unakuwa umeruka kitabu.

Kwa kawaida katika riwaya hizi tukio kamili la kwanza linaangukia kati ya robo na nusu ya kitabu, na kuachana kunakuja robo ya mwisho. Ukiona wamefika kitandani ukurasa wa 20, ujue tatizo la kitabu si "watalala lini", tafuta jingine. Ukikuta wameachana nusu ya kitabu tu, hapo shuku: ama kuna kuachana kwa pili, ama umeshika aina ya kwanza aliyoitaja Fundi.

Kibamba Express

Mama nimenyooka 🙏 Kiganja hicho nakichukua.

Mtu wa Ujiji

Swali la lugha. Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha? Kamusi haisaidii kwenye kurasa hizo.

Mama Riwaya

Kinatosha kwa sehemu kubwa, sentensi ni fupi na nusu ya kitabu ni mazungumzo na meseji za simu. Ila kurasa za moto zina msamiati wake, na kamusi ya kawaida itakupa jogoo mahali ambapo hakuna kuku yeyote. Usitafsiri neno kwa neno. Viungo vinatajwa kwa majina yasiyozidi kumi hivi, yakijirudia. Ukisoma matukio mawili umeshayajua kwa muktadha. Vitenzi ndivyo vya kuangalia. Lingine ni matusi: vijana wa vitabu hivi wanatukana wakifurahi, wakishangaa, wakipendana. Tusi lisikufanye udhani wamegombana.

Katika mfululizo wa michezo ongeza msamiati wa mchezo. Mpira wa barafuni una vipindi 3 vya dakika 20, wachezaji 6 uwanjani pamoja na golikipa, na mtu akikosea anatolewa kwa dakika 2 kukaa kwenye kibanda cha adhabu huku timu yake ikipungua mtu. Ukijua hayo matatu mechi zote zinaeleweka, na hata utani wa kitandani unaotumia maneno ya uwanjani unaeleweka.

Binti Makorora

Na wale wasiopenda wanafunzi wa chuo? Kuna mfululizo wa watu wazima wenye kazi zao, unaoingilika katikati?

Nyali Msomaji

Upo wa Jasmine Guillory, wa California, wahusika wakuu wengi ni Wamarekani weusi wenye kazi za maana. The Wedding Date (2018) ni Alexa wa ofisi ya meya wa Berkeley na Drew daktari wa watoto, wakutana kwenye lifti iliyokwama. The Proposal (2018) ni rafiki yake Drew, Carlos, na Nik. The Wedding Party (2019) ni Maddie na Theo, marafiki wawili wa Alexa wasiopatana. Royal Holiday (2019) ni mamake Maddie, mama mtu mzima ambaye likizo ya Krismasi Uingereza yampatia mpenzi, na ikiwa wataka kuingilia katikati mlango mzuri ni huo: wahusika wengi wa zamani wamebaki Marekani, hakuna umati wa kukariri. Party of Two (2020) ni dada wa Alexa na seneta. While We Were Dating (2021) ni kaka wa Theo na mwigizaji wa filamu.

Usianze na The Wedding Party. Harusi iliyo kwenye jalada ni ya Alexa, yaani mwisho wa kitabu cha 1 umechapwa kwenye jina la cha 3.

Kiwango cha pilipili ni cha chini kuliko Off-Campus. Mwandishi hukufikisha kitandani, kisha mara nyingi afunga pazia kabla mambo hayajaisha. Mwenye kuja na njaa ya The Score atasema hajashiba.

Kibamba Express

Na Bridgerton je? Netflix wenyewe waliruka, msimu wa 3 wa 2024 ulichukua kitabu cha 4.

Fundi Kurasa

Bridgerton ni ya zamani za Uingereza, si ya kisasa, lakini inafundisha kitu uzi huu bado haujakigusa: siri inayovuka vitabu. Kila ndugu ana kitabu chake, vitabu 8, watoto 8 waliopewa majina kwa alfabeti kuanzia A hadi H. Kwa mapenzi unaweza kuingia popote. Ila mwandishi wa gazeti la umbea, Lady Whistledown, anafichuliwa katika cha 4. Aliyeanza na cha 4 anasoma vitatu vya nyuma akijua nani anashika kalamu. Watazamaji wa runinga walishaambiwa mwishoni mwa msimu wa 1, kwa hiyo wao hawana cha kupoteza.

Kwa hiyo ongezeni kipimo hiki: je, kuna kitendawili nje ya wapenzi? Muuaji, mtumaji wa barua, mtoto wa nani. Kama kipo, na nyuma ya jalada la kitabu cha 1 kinatajwa, anza cha 1.

Mtu wa Ujiji

Wanaosomea kwenye simu wafanyeje? Hakuna mgongo wala jalada la nyuma.

Fundi Kurasa

Simu ina faida kuliko karatasi. Jina likikuzonga, lishikilie kwa kidole, tafuta ndani ya kitabu, rudi mahali lilipotajwa kwanza. Mara nyingi hapo ndipo mwandishi amewawekea wageni sentensi ya utambulisho. Kwenye Kindle baadhi ya vitabu vina X-Ray inayoorodhesha wahusika, lakini kuwa mwangalifu, maelezo yake yanaweza kukutobolea siri. Na pakua sampuli ya bure ya kitabu cha 1, kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya mwanzo. Katika mfululizo wa kundi, asilimia 10 hiyo inatosha kukutanisha na karibu genge zima.

Asilimia pia zinadanganya. Nyuma ya hadithi wanaweka sura za kitabu kinachofuata kama kionjo. Hadithi inaweza kuisha ukiwa 90, na ile "sura inayofuata" ni ya watu wengine. Ukiona majina yamebadilika ghafla, umeshatoka nje ya kitabu. Wengi wanadhani faili limeharibika.

Sura ya hitimisho isome, lakini ujue inakokupeleka: inaruka miezi au miaka mbele, na hapo wapenzi wa vitabu vya nyuma wanaweza kuonekana na pete au tumbo. Anayepanga kurudi cha 1 na hataki kujua aishie sura ya mwisho yenye namba.

PDF za Telegram mbali na kumwibia mwandishi zina kasoro za kiufundi: jina la faili linasema kitabu cha 2, ndani ni cha 4; hitimisho limekatwa; vichwa vya sura vyenye jina la msimulizi vimepotea. Kwa riwaya yenye wasimulizi wawili hilo la mwisho linaua kabisa.

Nyali Msomaji

Ongeza namba zenye nukta. 0.5 ni kijitabu cha kabla ya cha 1, 2.5 ni cha kati ya 2 na 3. Mara nyingi ni harusi au likizo ya wapenzi wa zamani. Usianze nacho kamwe, hakina mwanzo.

Na kuna "namba 1" ya uongo. Elle Kennedy alifungua mfululizo mwingine, Briar U: The Chase (2018), The Risk (2019), The Play (2019), The Dare (2020). The Chase ni namba 1 kwenye jalada, lakini wapenzi wake ni Summer na Fitz: Summer ni dadake Dean, na Fitz amecheza timu moja na wale wanne. Kwa hesabu ya chuo chenyewe ni kitabu cha 5. Chasomeka bila vile vinne, ila mkajue mwaingia mlango wa katikati.

Binti Makorora

Naomba mpangilio basi kwa aliyeanza na The Score, ili asipoteze hela.

Fundi Kurasa

The Score, kisha The Goal mara moja, wakati msiba na habari ya Tucker bado vya moto. Halafu rudi The Deal, ukikumbuka alichosema Mama Riwaya kuhusu mwendo wake. The Mistake ukikipata. Ndicho kinachoweza kusubiri kuliko vyote. Baada ya hapo The Chase na wenzake. The Legacy (2021) ina hadithi 4 fupi, moja kwa kila jozi ya mwanzo, zote za baada ya mwisho wao. Ukikikuta kwa muuzaji kabla hujapata The Deal, nunua, kiweke chini ya vingine.

Kibamba Express

Na kama muuzaji anacho The Goal peke yake?

Nyali Msomaji

Mwambie akuwekee.

Mama Riwaya

Akikuwekea wiki mbili atakuwa ameshamuuzia mwingine. Nunua, kisha usikifungue.